Ncha ya Pili ya Mpira

Asubuhi moja Kakuma nilimkuta fundi mzee amechuchumaa kando ya msingi, amebana ncha ya mpira mwembamba wa maji kwa kidole gumba. Ncha ya pili ilikuwa kona ya mbali, mikononi mwa mvulana. "Achilia," mzee akasema. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Akachora alama kwa kipande cha kaa.

Nilikawia pale kuliko nilivyokusudia. Mvulana yule nilikuwa mimi, zamani, Lodwar, nikimshikia mjomba ncha ya pili. Hakunipa kazi nyingine kabla sijatoa viputo vyote; kimoja kikinasa katikati, alisema, kitaidanganya nyumba nzima. Tulianza kabla jua halijapanda, maana mpira ukilala nusu juani nusu kivulini husoma vibaya: maji ya moto husimama juu kidogo kuliko yaliyopoa. Maji yenyewe tuliyachota kwenye mtungi wa mama, na kazi ikiisha yalimiminwa shinani mwa mwarobaini. Pima maji ya mbao alikuwa nayo pia. Kila asubuhi aliilaza, akaisoma, akaigeuza ncha kwa ncha papo hapo. Kiputo kisiporudi kilipokuwa, siku hiyo haikuguswa tena.

Mgeni hudhani nchi kame haina haja ya mambo haya. Lakini mvua ikinyesha huko juu, mito ya Tarach kule Kakuma na Kawalase kule Lodwar hushuka ikivuma, na hiyo haina fundi. Ya fundi ni maji yanayotuama uani. Ukuta wa matofali mabichi, wa aina iliyoenea Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka wa 1992, ukilowa tako huanza kumeguka kutoka chini, kimyakimya. Mjomba aliinamisha ua sentimita 5 kwa kila mita kutoka ukutani, na mvua ya kwanza ikipita alirudi kuangalia, bila kuitwa wala kulipwa.

Siku hizi ua husawazishwa kwa jicho. Leza zipo, wala sina ugomvi nazo. Ila mtu huiwasha akaiamini papo hapo, hata kama juzi ilianguka kutoka kwenye pikipiki.

Nyumba niliyopanga Lodwar ina vigae vinavyong'aa. Mvua ikinyesha, maji ya uani huingia kwa mlango wa mbele na kukaa chini ya kitanda. Nilipolalamika, mwenye nyumba aliniletea fagio la mpira.