Asili ya Neno na Heshima ya Mtu: Juu ya Majina ya Timu za Marekani

Katika mwaka 2005 Ives Goddard, mtaalamu wa lugha wa Smithsonian mjini Washington, alichapisha makala juu ya historia ya neno «redskin», yaani mwenye ngozi nyekundu. Neno hilo ndilo lililokuwa jina la timu ya mpira wa Kimarekani iliyolipokea mjini Boston mwaka 1933, kisha ikahamia Washington mwaka 1937. Makala hayo ni kazi ya subira. Yaonyesha kwamba usemi huo ulitoka vinywani mwa wenyeji wa asili wenyewe, ukafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza tangu mwaka 1769, na kwamba wakuu wao walijiita hivyo mbele ya wageni pasipo kujitweza.

Juu ya utafiti huo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wale walioufanya ngao, wakisema: asili yake si tusi, basi hata leo si tusi. Sisi wa Kiswahili twajua kuwa sivyo. Mtume na mtumwa ni wana wa kitenzi kimoja, kutuma. Wa kwanza hutajwa kwa heshima, wa pili ni jina ambalo mtu akiitwa hukasirika. Shina halikumkinga mtumwa. Matumizi ndiyo yaliyoamua.

Wengine husema kuwa majina na sanamu hizo ni mzaha tu. Hapa utani wetu wafaa kuwa mizani. Mtani hutania, naye hutaniwa. Lakini ule uso mwekundu wenye kukenua meno, uliokuwa katika sare za timu ya besiboli ya Cleveland hadi msimu wa 2018, ulimpa nani nafasi ya kujibu? Upande mmoja ulicheka, wa pili ukachekwa.

Kinyume chake, chuo kikuu cha Florida State hutumia jina la Waseminole kwa ridhaa ya Waseminole wa Florida. Kwa sababu hiyo chama cha michezo ya vyuo vikuu kilikiruhusu mwaka 2005. Yawezekana kuuliza kama ridhaa hiyo ni ya Waseminole wote. Walakini yupo wa kuombwa, naye aweza kukataa.

Timu ya Washington iliacha jina lake mwezi Julai 2020. Tangu 2022 yaitwa Commanders. Kwetu kazi ingali ipo. Vitabu vyetu vimewaita watu hao «Wahindi Wekundu», hali si watu wa Bara Hindi. Tena, kwa kuwa Mswahili aweza kumwita mtu mwekundu kwa kumsifu, msomaji hahisi tusi lililomo. Mfasiri na aandike Wenyeji wa Asili wa Marekani, au, iliyo bora zaidi, jina la taifa lenyewe: Waseminole, Wanavajo, Wacherokee. Na jina la zamani la timu likimlazimu, aliache katika Kiingereza chake, kisha aeleze kwa nini liliachwa.