Hesabu ya sumukuvu kwenye sahani ya ugali

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu kilo moja ya mahindi iwe na sumukuvu aina ya B1 isiyozidi mikrogramu 5. Kiasi hicho hakionekani wala hakina ladha. Je, anayekila kila siku anabeba hatari gani ya saratani ya ini? Kwa dozi ndogo hivyo, wagonjwa wanaoongezeka ni wachache mno kuonekana katika utafiti wa kawaida. Wataalamu huanza na dozi kubwa, kisha wanashuka kwa hesabu.

Jaribio linalotegemewa zaidi ni la panya, lililochapishwa na Wogan na wenzake mwaka 1974. Panya waliolishwa chakula chenye mikrogramu 100 kwa kilo walipata saratani ya ini wote 28. Kwa mikrogramu 15 waliugua 4 kati ya 21. Kwa 5, mmoja kati ya 22. Kwa 1, wawili kati ya 22. Dozi ya chini kabisa imetoa wagonjwa wengi kuliko ile inayoizidi mara tano! Si ajabu: kwa panya ishirini na kitu, tofauti ya mmoja ni bahati tu. Jaribio lenyewe haliwezi kutuambia kinachotokea huko chini, hivyo mchambuzi huchora mstari ulionyooka mpaka sifuri. Sababu anayo. Ini hugeuza sumukuvu kuwa kemikali inayong'ang'ania DNA na kuiharibu, na hakuna dozi inayojulikana ambayo chini yake uharibifu huo hautokei.

Lakini binadamu si panya, na hapa Afrika Mashariki ilichangia mapema. Peers na Linsell walikusanya sampuli za chakula kilichokwisha kupikwa huko Murang'a, Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1973: sehemu za chini, ambako watu walikula sumukuvu nyingi zaidi, ndiko saratani ya ini ilikokuwa nyingi. Walichokosa ni kipimo cha virusi vya homa ya ini B, ambavyo navyo huleta saratani hiyo, kwa kila mtu. Pengo hilo lilizibwa Shanghai miaka ya 1990. Wanaume wenye dalili za sumukuvu mwilini peke yake walikuwa na hatari mara 3.4 ya wenzao wasio na chochote. Wenye virusi peke yake, mara 7.3, wenye vyote viwili, karibu mara 59.

Ndiyo maana kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilitoa namba mbili mwaka 1997. Kwa kila nanogramu moja ya sumukuvu kwa kilo ya uzito kwa siku, walikadiria wagonjwa 0.01 kwa mwaka katika watu 100,000 wasio na virusi, na 0.3 kwa wenye virusi. Tofauti ni mara thelathini.

Tuzitumie. Mtu wa kilo 60 anakula gramu 300 za unga kwa siku, unga ulio kwenye kikomo halali kabisa. Anapata nanogramu 1,500, yaani 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Asiye na virusi: 0.25 kwa mwaka katika watu 100,000. Mwenye navyo: 7.5. Tukichukulia kwamba watu 8 katika 100 wana virusi, milioni moja ya walaji itatoa wagonjwa wapya wapatao 8 kila mwaka, na kati ya hao 6 watatoka katika kundi hilo dogo.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hufuata njia nyingine. Inachukua dozi inayohusishwa na ongezeko la asilimia 10 ya saratani kwa panya, nanogramu 400 kwa kilo kwa siku, na kuigawa kwa dozi ya mlaji. Jibu likifika 10,000 au zaidi, wasiwasi ni mdogo. Mlaji wetu anapata 16.

Mimi naiamini zaidi hesabu ya namba mbili, kwa sababu inaonyesha pa kushika. Kikomo kimeandikwa kwa kilo ya mahindi, hakijui kama nyumba inakula ugali mara moja kwa wiki au mara mbili kwa siku. Ukipunguza sumukuvu kwa nusu, wagonjwa wanane wanabaki wanne. Ukiondoa virusi kwa chanjo bila kugusa unga, wanabaki wawili au watatu. Chanjo hiyo Kenya na Tanzania huwapa watoto wachanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini waliozaliwa kabla ya hapo bado wanakula unga uleule bila kinga, na wengi wao hawajawahi kupimwa.