Vinywa Vilevile

Krzysztof Penderecki aliyatungia muziki Mateso ya Bwana wetu kwa mujibu wa Luka, na kazi hiyo ikaimbwa mara ya kwanza mwaka 1966 katika Kanisa Kuu la Münster, Ujerumani Magharibi. Kwao Poland, chini ya serikali ya kikomunisti, Wakristo walikuwa wakiadhimisha miaka 1000 tangu taifa lao lipokee Ubatizo.

Sisi tuliolelewa na tenzi za sauti nne tunaisikiliza kwa taabu. Kuna kwaya tatu, kwaya ya wavulana na okestra kubwa. Waimbaji wananong'ona, wanacheka, wanapiga kelele. Mwinjilisti haimbi, anasoma tu, na hapo tunampongeza mtunzi kwa kuliacha Neno lisikike. (Linasikika kwa Kilatini, jambo ambalo mtoto wa Matengenezo halipiti bila kuguna.)

Bach, katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo, aliwapa washarika mahali pao. Wanafunzi wanapoulizana nani atamsaliti Bwana, ubeti unaofuata unakiri kwamba mkosaji ndiye huyo anayeimba. Penderecki hana ubeti wa namna hiyo. Msikilizaji anaweza kukaa akiutazama umati wa Yerusalemu kana kwamba ni watu wa mbali wasiomhusu, na kwetu wahubiri wa msalaba huo si upungufu mdogo.

Lakini tuusikilize mwisho wake. Baada ya zaidi ya saa nzima ya sauti zinazogongana, wote wanapatana ghafla katika E meja, na wapo waliolalamika kwamba hiyo ni faraja ya bei rahisi. Sisi tunaanza na maneno. Luka 23:46 inaonyesha kwamba Yesu alikata roho akisali Zaburi 31:5. Penderecki anaimalizia kazi yake kwa Zaburi hiyohiyo, na wanaoiimba ni kwaya zilezile zilizodai asulubiwe. Vinywa vilivyomhukumu vinapewa sala ya aliyehukumiwa. Hakuna aliyeondolewa jukwaani kwanza ili waje watu safi.

Katika maigizo mengi ya Ijumaa Kuu kwetu, vijana hupiga kelele za umati kisha huketi, na kwaya kuu husimama kuimba faraja. Tungewaomba walimu wa kwaya wasiwaketishe vijana hao.