Lenzi ya Harusi Hupimwa Gizani

Muuza kamera akikutolea lenzi ya 24–70mm, ataijaribu kwa kupiga bango la dukani kwake, mchana, chini ya taa nyeupe, kisha atakuza katikati ya picha mpaka herufi zijae kwenye skrini. Zitakuwa kali. Lenzi yoyote ya maana iliyotengenezwa miaka ishirini hii ni kali katikati, kwa hiyo jaribio hilo halikwambii kitu. Kazi ya harusi iko pembeni mwa picha, gizani, na mbele ya taa zinazokumulika usoni.

Anza na tundu. Ile 18–55mm inayouzwa pamoja na kamera hufunguka f/3.5 ukiwa 18mm, lakini ukifika 55mm, pale unapotaka sura ya mtu, imeshabana mpaka f/5.6. Hapo inaingiza robo tu ya mwanga unaoingia kwa f/2.8. Maharusi wanaingia ukumbini, MC ameagiza taa zizimwe, na mwenzako mwenye f/2.8 anapiga kwa ISO 1600 huku wewe umelazimika kwenda 6400. Ndiyo maana wapiga picha wa harusi hulipia zumu yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaozitetea 24–105mm za f/4 kwa sababu zinafika mbali na zina kituliza-mtikisiko. Ni lenzi nzuri kanisani, na kwa picha za ukoo mchana sina ugomvi nazo. Ila kituliza-mtikisiko hutuliza mkono wako. Shangazi anayecheza na zawadi kichwani hakimtulizi. Kama una fedha ya lenzi moja tu, chukua f/2.8 hata kama haina kituliza-mtikisiko.

Sasa ipeleke 70mm, fungua tundu lote, uone. Zumu nyingi hupendeza 24mm na kulegea zikifika mwisho, na huko mwisho ndiko sura za watu zinakopigwa. Msimamishe mtu karibu na dirisha, umtupie kitambaa cheupe begani. Shela nyeupe juu ya ngozi nyeusi ni mtihani mgumu kuliko chati yoyote ya kiwandani: lenzi dhaifu huacha uzi wa zambarau au kijani pale vinapokutana, na uzi huo utaulipa kwa saa za kusafisha picha kwenye kompyuta. Kisha kuza jicho. Kope zihesabike moja moja, na mistari ya msuko kwenye paji la uso isiwe imeoga ukungu. Kama kamera yako ni ya kioo, piga picha kadhaa huku ukifokasi upya kila mara; ukali ukiangukia sikioni kila safari badala ya jichoni, lenzi na kamera hazielewani na zinahitaji kurekebishwa. Kamera zisizo na kioo hupima fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo maradhi hayo hutayaona sana. Lakini usiionee lenzi. Kwa kamera ya fremu kamili, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, 70mm kwa f/2.8 inakupa kina cha sentimita 14 hivi. Bwana harusi akirudi nyuma nusu hatua, atatoka na ukungu hata kwenye lenzi ghali kuliko zote.

Kosa linalofichika zaidi ni vioo vya ndani kuhama, na mara nyingi hilo huzipata lenzi za mtumba zilizowahi kudondoka. Bandika kurasa za gazeti ukutani, kamera iutazame ukuta sawasawa, piga f/2.8, halafu linganisha kona ya kushoto na ya kulia. Zikilegea zote mbili sawasawa, vumilia. Ukibana mpaka f/5.6 zitakaza. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umefifia, achana nayo. Utakuja kumweleza nini mjomba aliyesimama upande wa ukungu kwenye picha ya ukoo? Sura za pembeni kuvutika kwa 24mm si ugonjwa, ni hesabu ya upana. Rudi nyuma upige kwa 35mm.

Mwanga wa mbele haukawii kujibu. Washa tochi ya simu, iweke kwenye kona ya picha, tazama suti nyeusi inageuka kijivu kiasi gani. Taa za jukwaa zitakufanyia hivyo hivyo usiku kucha.

Kuhusu majina: Canon 24–70mm f/2.8L ya mwaka 2002 bado inatembea sana mitumbani. Ina gramu 950, na hurefuka ukienda 24mm, hufupika ukienda 70mm, jambo linalowafanya wageni wadhani imeharibika. Toleo la pili, la 2012, lilipungua hadi gramu 805 na ni kali zaidi pembeni. Kwa wenye Sony, Tamron 28–75mm f/2.8 ya 2018 ina gramu 550, wakati Sony GM ya kwanza, ya 2016, ina 886. Unachopoteza ni upana: 24mm inaona nyuzi 84, 28mm inaona 75, na tofauti hiyo utaijua ukiwa umebanwa ukutani kwenye chumba anachopambwa bibi harusi. Hata hivyo, anayepiga sendofu na harusi kila wiki ningemshauri Tamron bila kusita. Bega lake litamshukuru saa sita usiku. Mwenye kamera ya sensa ndogo asikimbilie 24–70mm kabisa, maana kwake 24 inakuwa kama 36 au 38. Atafute 17–50mm au 17–55mm ya f/2.8.

La mwisho ni kuvu, na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja si jambo dogo. Mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi, utazame kwa mbele. Chembe za vumbi zisikuhangaishe. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na punguzo lolote la bei halitoshi. Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele mara nyingi hauonekani pichani. Wa nyuma huonekana upesi, basi kagua huko kwa makini. Kwenye Nikon za zamani kuna kijiti kidogo nyuma kinachofungua tundu: kisukume kwa kidole, kiachie. Vipande vya chuma vijifunge kwa mara moja, vikiwa vikavu. Vikisita, au viking'aa kwa mafuta, picha zako za f/8 zitatoka nyeupe kupita kiasi, na gharama ya fundi wa kuifungua uikate kwenye bei kabla hujatoa hela.