Msanii Mbele ya Hadhira Yake: Tahakiki ya Albamu ya Pili ya Kundi la MGMT

Mwezi wa Aprili 2010 kundi la MGMT la Marekani lilitoa albamu yake ya pili, Congratulations, yaani "Pongezi". Wahakiki wengi waliipokea kwa maelezo mamoja: vijana wawili waliopata umaarufu wa ghafula wameipa hadhira yao kisogo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo ni ya haraka mno. Kwa maoni yetu albamu hii haiikimbii hadhira. Inaizungumzia, na kuiogopa, na woga huo ndio dhamira yake kuu.

Hatuna budi kukumbuka yaliyotangulia. Andrew VanWyngarden na Ben Goldwasser walikutana wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, na nyimbo zao za mwanzo hazikuwa mbali na mizaha ya wanafunzi. "Time to Pretend" ni kejeli juu ya maisha ya nyota wa roki: fedha, anasa, kifo cha mapema. Lakini albamu yao ya kwanza, Oracular Spectacular, ilipotoka mwaka 2007, kejeli iliwageukia wenyewe. Waliowacheka nyota wakawa nyota. Wimbo "Kids", unaojengwa juu ya tuni fupi ya kinanda inayorudi na kurudi, ulichezwa katika kila kumbi, na kila mtu akatazamia wa pili wa aina hiyo. (Tuseme kwa kupita kwamba jina la "roki ya kujitegemea" wanalopewa wasanii hawa lataja mtindo tu. Kampuni yao wakati huo, Columbia, ni mali ya Sony. Mtu hajitegemei katika nyumba kubwa kama hiyo.)

Albamu ya pili haina "Kids". Tofauti hiyo imo katika fani kabla ya kuwamo katika maneno. Wimbo uliotangulizwa, "Flash Delirium", wazidi kidogo dakika nne, na ndani yake mna vipande vingi visivyofanana: sauti ya kunong'ona, vinanda, filimbi, kisha makelele ya magitaa. Kila mara msikilizaji anapodhani amekamata kiitikio, wimbo umekwisha kuhamia kwingine. Anayetaka kuimba pamoja na kundi anaachwa njiani. Je, hii ni dharau? Hatudhani. Kiitikio ndicho mahali ambapo hadhira huingia ndani ya wimbo na kuumiliki. Wasanii hawa walikwisha kuona nyimbo zao tatu au nne zikimilikiwa namna hiyo mpaka wao wenyewe hawakuwa na nafasi ndani yake.

Jalada lathibitisha jambo hili. Mchoraji Anthony Ausgang ameonyesha paka anayeteleza baharini juu ya ubao, na nyuma yake wimbi linalotaka kummeza. Wimbi hilo nalo ni paka. Wengi wameuona mchoro huu kuwa kichekesho. Sisi twauona kuwa maelezo sahihi kabisa: kinachombeba msanii ndicho kinachotaka kumla, na vyote viwili ni vya jinsi moja.

Taswira ya bahari yarudi katika "Siberian Breaks", wimbo mrefu kuliko yote, wenye dakika zaidi ya kumi na mbili. Neno la pili la jina hilo hutumiwa na wateleza mawimbi kwa mahali ambapo wimbi huvunjika. Nusu yake ya kwanza ni nzuri sana, yenda kwa upole kutoka tuni hadi tuni bila kujionyesha. Kipande cha mwisho cha vinanda, kwa bahati mbaya, chaonekana kubandikwa.

Jambo la pili linalostahili kuchunguzwa ni kuwataja wazee. Muziki wa saikedelia, uliozaliwa Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960 kwa kutaka kuiga kwa sauti yale yanayompata mtu aliyelewa madawa, sasa una mababu. MGMT waliitayarisha albamu hii pamoja na Mwingereza Pete Kember, aliyekuwa wa kundi la Spacemen 3. Wimbo mmoja ni wa kumsifu Dan Treacy, kiongozi wa Television Personalities wa London. Naye Treacy, mwaka 1981, alikuwa ametoa wimbo juu ya Syd Barrett, kiongozi wa kwanza wa Pink Floyd. Basi ni nasaba, kila mmoja akimtaja aliyemtangulia. Tukumbuke lakini kwamba Barrett aliuacha muziki na kujificha asionekane. Kumchagua babu wa namna hiyo si bahati. Wimbo wa kumsifu Brian Eno hauna uzito huo. Ni mchezo wa watoto wanaomfukuza mwalimu, wachekesha mara ya kwanza, si mara ya tano. (Msomaji wa Kiswahili asidanganyike na "Lady Dada's Nightmare", wimbo usio na maneno: "Dada" huyo si ndugu yetu wa kike, ni lile kundi la wasanii wakaidi lililoanza Zürich mwaka 1916, likichanganywa na jina la Lady Gaga.)

Kuna hoja moja dhidi ya albamu hii ambayo hatuwezi kuiepuka. Uhuru wa kukataa umaarufu ulinunuliwa kwa umaarufu. Kundi lisilojulikana lisingeruhusiwa na kampuni hiyo kutoa wimbo wa dakika kumi na mbili, wala albamu yenye ugumu huu isingeshika nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Marekani. Twakubali. Lakini wasanii nao wamekubali, katika wimbo wa mwisho, unaobeba jina la albamu. Hapa vurugu yote imenyamaza: gitaa, mwendo wa taratibu, sauti ya mtu aliyechoka na safari na sifa, asiyejifanya kwamba hakuzitaka. Mwishoni yasikika makofi, machache, ya watu wasiojaza hata chumba.

Mwanafunzi atakayetaka kuijua albamu hii, tunamshauri aanze na wimbo huo, kisha arudi kwenye "Flash Delirium" na kuusikiliza upya.