Je, "Kiswahili" ni Sawa na Hila?

Hapa Kigali kivumishi "-a kiswahili" hakitui vizuri masikioni mwa wanafunzi wetu. Katika Kinyarwanda, umuswahili ni Mwislamu wa mjini; lakini pia ni mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika, na ujanja wake huitwa ubuswahili. Si ajabu basi mwanafunzi akisita kusema lugha ambayo jina lake ni tusi.

Wapo wanaolihalalisha tusi hilo kwa kudai kuwa jina lenyewe limetokana na "sawa" na "hila", yaani watu walio sawa kwa hila. Dai hilo lachekesha, lakini kama elimu halina miguu. Asili ya neno ni Kiarabu: sahil ni ufuko wa bahari, na wingi wake ni sawahil. Kiishio -i chaonyesha nasaba, kama katika Hadhrami, mtu wa Hadhramaut. Mzizi ni s-h-l, ambao wanaleksika wa kale wa Kiarabu waliufasiri kwa kitenzi cha kukwangua, kwa kuwa maji huukwangua ufuko. Ile w imeletwa na umbo la wingi tu. Basi anayelikata neno baada ya "sawa" ameupasua mzizi, s huku, h na l kule. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil bila kumtuhumu mtu hila yoyote.

Ubaya wa neno twapaswa kuutafuta mjini. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wafanya biashara, wengi wao Waislamu. Baadaye Wabelgiji waliwatenga katika mitaa yao, Biryogo ukiwa mmojawapo. Na shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Aliyefungiwa mlango wa shule aliishi kwa biashara na kwa ulimi wake, kisha ulimi huo ukahesabiwa kuwa kosa lake.

Wala dharau hii si ya Rwanda peke yake. Dar es Salaam nako husemwa "mambo ya kiswahili" pale ahadi inapovunjwa, na makazi ya makabwela huitwa "uswahilini". Hapo dini haihusiki sana. Twaona ni tabaka.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini sheria haifuti maana ya neno. Hatushauri kamusi za shule ziifiche maana hiyo mbaya. Ziiandike, ziseme ilizaliwa mtaa gani. Na mwalimu aandike sahil ubaoni kabla hajaanza ngeli ya kwanza.