Istiari ya Mkanda na Maji ya Kilindini

Kitabu cha Wallace Broecker, The Great Ocean Conveyor (2010), ni cha sayansi, lakini tunakihakiki hapa kwa sababu kimejengwa juu ya istiari. Broecker, aliyefariki mwaka 2019, aliufananisha mzunguko wa maji ya bahari na mkanda wa kiwandani unaobeba mizigo. Katika Atlantiki, maji ya juu hupeleka joto kaskazini, hupoa, huzama, kisha hurudi kusini kilindini. Mchoro wa mkanda huo, uliotoka mwaka 1987 katika jarida la Natural History, ulienea sana.

Nguvu ya istiari hii ni kwamba msomaji huelewa mara moja. Udhaifu wake ni kwamba mkanda una njia moja, mwendo mmoja na injini moja. Bahari sivyo ilivyo. Mwaka 2010 huohuo, Susan Lozier alieleza katika jarida la Science kwamba vyombo vilivyoachwa vielee kilindini havikufuata njia ile iliyochorwa. Vingi viliiacha mapema.

Mashapo ya sakafu ya bahari nayo yana la kusema. Urani iliyomo majini huzaa thori na protaktini. Thori hunata upesi kwenye chembe na kuzama. Protaktini hukawia, hivyo huchukuliwa mbali na mkondo. Mkondo ukidhoofika, protaktini nyingi zaidi huzama palepale. Kwa kupima uwiano huo katika mashapo ya karibu na Bermuda, Jerry McManus na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba mzunguko ulikaribia kukoma, au ulikoma kabisa, kuanzia miaka 17,500 hivi iliyopita. Miaka 12,700 hivi iliyopita ulipungua tena ghafla, ila kwa muda mfupi. Kwa hiyo hoja ya Broecker kwamba mzunguko huweza kubadilika ghafla ina mashiko. Tunachokikosoa ni chombo alichoibebea.

Sisi walimu na wafasiri tuna jambo la kuamua hapa. Tukiandika "mkanda", tunahamisha kosa pamoja na neno. Kiswahili kina "mkondo", na mkondo hugawanyika, hupinda, hulegea na kupata nguvu tena. Tunapendekeza kitabu hiki kisomwe katika somo la tafsiri, sambamba na makala ya Lozier, na wanafunzi waulizwe: istiari hii inaonyesha nini, na inaficha nini?